Sheria na marefa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo: kwa nini refa anafungiwa lakini matokeo yanabaki vilevile?

Mkwezi wa Pangani (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za Jumapili.

Kila ikipita Jumamosi ya mpira wa vyuo huku Marekani, jukwaa linageuka mahakama. "Wamebebwa." "Refa kala mlungula." "Ile tachidauni halali kabisa." Nikifuatilia naona nusu ya walalamikaji wanahukumu mechi ya vyuo kwa sheria za NFL, ile ligi ya kulipwa, na wengine kwa sheria za FIFA kabisa. Wanaobaki ndio wenye hoja, na hoja yao ndiyo imenifanya nifungue uzi: konferensi (jumuiya ya vyuo inayosimamia marefa) inakiri hadharani kwamba marefa walivurunda, inawafungia, halafu timu iliyoonewa inaendelea kubeba kipigo chake. Haki iko wapi hapo?

Kwanza msingi kwa wageni. Wenyeji rukeni aya mbili.

Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na nyuma ya kila mstari kuna yadi 10 za kufungia. Wachezaji 11 kwa 11, robo nne za dakika 15. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne, yanaitwa dauni, kusogea walau yadi 10. Ikifanikiwa inahesabiwa upya kutoka dauni ya kwanza. Ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la kufungia la wapinzani, ni pointi 6, kisha unachagua: upige teke kupata 1, au ucheze kutoka yadi ya 3 kutafuta 2. Kupiga mpira upite kati ya milingoti ni 3.

Sasa tofauti na NFL, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Vyuoni, anayedaka pasi akiwa na mguu mmoja tu ndani ya uwanja, imehesabika. NFL wanataka miguu yote miwili. Vyuoni, mwenye mpira akiteleza mwenyewe na goti likagusa nyasi, mchezo umekufa palepale hata kama hakuguswa na mtu; NFL anaruhusiwa kuinuka akimbie kama hakuguswa. Beki akimzuia mpokeaji kabla pasi haijafika, vyuoni adhabu haizidi yadi 15. NFL mpira unawekwa pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 50 mbele. Ukitazama mechi ya Jumamosi kwa macho ya Jumapili lazima utamtukana refa bure.

Halafu marefa wenyewe. Daraja la juu wako wanane. Yule wa kofia nyeupe ndiye mkuu, ndiye anayetangaza kosa kwenye maikrofoni na kutaja namba ya jezi ya mkosaji. Lakini yeyote kati ya wanane anaweza kurusha kitambaa cha njano. Kingine wanachobeba ni kifuko kidogo wanachodondosha kuonyesha mahali mpira ulipomponyoka mtu. Na mchezaji akitoka nje ya mstari kwa hiari yake kisha akarudi, refa aliyemwona anavua kofia na kuitupa chini kama alama. Wengi wao si waajiriwa wa kudumu. Jumatatu utawakuta kwenye kazi zao nyingine.

Tazameni mkono wa refa mechi ijayo. Kuna mpira wa kuvutika kwenye kifundo, una kitanzi kinachovishwa kidoleni. Dauni ya kwanza kitanzi kiko kwenye kidole cha shahada, ya pili kinahamia cha kati, ya tatu cha pete, ya nne kidole cha mwisho. Kamera zote hizo, na bado kuna mtu anahesabu dauni kwa vidole! Lakini sababu ipo.

Tarehe 6 Oktoba 1990, Colorado walikuwa ugenini kwa Missouri, nyuma 31 kwa 27, zimebaki sekunde chache, mpira uko yadi ya 3. Kwotabeki, yule mrusha pasi, akaupiga mpira chini kusimamisha saa: hiyo dauni moja. Mkimbiaji akasogea mpaka yadi ya 1: mbili. Colorado wakaomba kupumzika, na hapo katikati mtu wa kibao cha pembeni hakugeuza namba. Wakarudi, mkimbiaji akazuiwa: tatu, lakini kibao kinasema mbili. Kwotabeki akaupiga mpira chini tena: nne, mchezo ulipaswa kuishia hapo. Kibao kikasema tatu. Wakapewa ya tano, wakafunga, 33 kwa 31. Marefa wakasimamishwa, matokeo yakabaki, na mwisho wa msimu Colorado hao hao wakawekwa nambari moja nchini na kura za waandishi wa habari (AP), huku kura za makocha zikiwapa Georgia Tech.

Uwanja wenu wakuu.

---

Nyundo ya Ngarenaro:

Mkuu umeshusha nondo. Mimi mchezo huu niliujua mwaka 2011, pale pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Nadhani vijana wengi hapa hawajui kwamba mechi ya mpira wa Kimarekani ya chuo ilishachezwa Tanzania: Drake University ya Iowa dhidi ya timu ya nyota wa vyuo binafsi vya Mexico, CONADEIP, tarehe 21 Mei 2011. Waliiita Kilimanjaro Bowl. Drake walishinda 17 kwa 7, kisha wakapanda mlima.

Jukwaani hakuna aliyekuwa anaelewa kitu. Kitambaa cha njano kikirushwa watu wanashangilia, wanadhani ndiyo goli. Kuna mzee mbele yangu kila refa akipuliza filimbi anauliza, "Sasa kacheza rafu nani?" Na swali lake ni zuri, kwa sababu filimbi kwenye mchezo huu mara nyingi haimaanishi kosa. Inamaanisha mchezo umekufa, jipangeni upya. Kosa ni kitambaa.

---

Mama Wawili Dallas:

Asante kaka Mkwezi. Mimi ni Mkenya, mwanangu wa kwanza anacheza shule ya sekondari huku Texas, kwa hiyo imebidi nijifunze kwa lazima. Nina swali kuhusu tagetingi. Wiki hii mtoto wa watu kafukuzwa mechi, wiki ijayo kitu kilekile kinaachwa. Nani anaamua? Maana mimi kama mzazi nataka hiyo sheria iwe kali, lakini iwe moja.

---

Mkwezi wa Pangani:

Dada, umegusa kidonda. Tagetingi ina milango miwili. Wa kwanza: kumgonga mtu yeyote kwa utosi wa kofia yako. Wa pili: kumgonga kwa nguvu kichwani au shingoni mchezaji asiyeweza kujikinga, kwa mfano anayedaka pasi na bado hajageuka. Milango yote inahitaji dalili: umejirusha, umeinamisha kichwa, umetanguliza kofia na kadhalika. Kichwa kugongana na kichwa peke yake hakutoshi, na hapo ndipo mashabiki wengi wanapopotea.

Adhabu ni yadi 15, na tangu 2013 mkosaji anatolewa. Sheria hiyo ya 2013 ilisema pia kwamba akifanya kipindi cha pili, anakosa kipindi cha kwanza cha mechi inayofuata. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo kulikuwa na kichekesho: video ikionyesha si tagetingi, mchezaji anarudishwa lakini yadi 15 zinabaki! Wakarekebisha 2014. Na tangu 2019 chumba cha video lazima kithibitishe kila kipengele. Kikikosekana kimoja, kosa linafutwa. Hakuna tena ile "uamuzi wa uwanjani unabaki" kwa tagetingi.

Kwa hiyo kwa maandishi sheria ni moja. Kinachotofautiana ni macho ya anayesoma "dalili". Mfano wa kuumiza ni Peach Bowl ya tarehe 1 Januari 2025, Texas na Arizona State. Zimebaki kama dakika moja, 24 kwa 24, beki wa Texas akamgonga mpokeaji wa Arizona State, helmeti kwa helmeti. Video ikaangaliwa, ikasemwa si tagetingi. Arizona State wakalazimika kupiga mpira mbali, mechi ikaenda muda wa nyongeza, Texas wakashinda 39 kwa 31. Kwa maoni yangu ile ilikuwa tagetingi. Lakini natambua hoja ya upande wa pili: beki alikuwa anakuja kumwangusha kawaida, hakujirusha.

---

Jogoo la Mbagala:

Hahaha Mkwezi unazunguka mbuyu. Sema tu ukweli: marefa ni wa konferensi, na konferensi inalinda ng'ombe wake wa maziwa. Refa analipwa na SEC, timu ya SEC ikienda kwenye mchujo mkubwa SEC inapata fedha. Hapo unategemea nini? Hata sisi Ligi Kuu tungewaacha Simba na Yanga waajiri marefa wao, ungeona mbeleko yake.

---

Mkwezi wa Pangani:

Jogoo, nusu ya maneno yako ni kweli kabisa na siyakatai. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, inaandika kitabu cha sheria, lakini marefa wanaajiriwa, wanapangwa na kuadhibiwa na konferensi, yaani zile jumuiya za vyuo kama SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. SEC hata chumba chao cha video kiko makao makuu yao, Birmingham, Alabama. Ni mpangilio wenye harufu, hata kama hakuna anayeiba.

Ushahidi mzuri kwa upande wako ni Oregon na Oklahoma, tarehe 16 Septemba 2006. Oregon, wakiwa nyuma, wakapiga mpira mfupi wa kuanzia ili waudake wenyewe. Sheria inasema mpira lazima uende yadi 10 kabla ya timu iliyopiga kuugusa. Mchezaji wa Oregon akaugusa kabla, na aliyetoka na mpira kwenye rundo la watu alikuwa wa Oklahoma. Marefa wa uwanjani na wa video, wote wa Pac-10, konferensi ya Oregon, wakawapa Oregon. Wakafunga, 34 kwa 33. Pac-10 ikakiri na kuwafungia mechi moja. Rais wa chuo cha Oklahoma akaandika barua kutaka mechi ifutwe kwenye kumbukumbu. Haikufutwa.

Sasa chukua hii nyingine uone jinsi nadharia ya mbeleko inavyopasuka. Tarehe 10 Septemba 2016, Oklahoma State wanaongoza 27 kwa 24 nyumbani dhidi ya Central Michigan. Sekunde 4, dauni ya nne, kwotabeki wao akautupa mpira mbali saa iishe. Saa ikaisha. Lakini kuutupa mpira mahali pasipo na mpokeaji ni kosa, marefa wakarusha kitambaa, wakawapa Central Michigan mchezo mmoja bila saa. Pasi ndefu ya kubahatisha, ikadakwa, aliyedaka akamrushia mwenzake pembeni, tachidauni, 30 kwa 27. Uwanja mzima kimya.

Kitabu kinasema wazi: robo haiongezwi kwa ajili ya kosa ambalo adhabu yake inajumuisha kupoteza dauni. Mechi ilikuwa imekwisha. Marefa wa uwanjani walikuwa wa MAC, konferensi ya wageni. Sawa, utasema waliwabeba. Lakini waliokaa chumba cha video walikuwa wa Big 12, konferensi ya Oklahoma State! Nao hawakuokoa jahazi. Wote wakafungiwa mechi mbili. Hawakuwa wezi, Jogoo. Walikuwa hawajui ibara moja ya kitabu kinene, na hawakuwa na muda wa kuisoma.

---

Jogoo la Mbagala:

Sawa, nakubali hiyo ni ujinga na si wizi. Lakini hiyo inanipa hoja kubwa zaidi. Hapo hakuna ubishi wa "jicho la refa". Saa ilikuwa sifuri, mechi imekwisha 27 kwa 24. Kwa nini isiandikwe hivyo?

---

Wakili wa Kitaa:

Kwa sababu sheria yenyewe imefunga huo mlango. Refa akishatangaza mechi imekwisha, matokeo ni ya mwisho. Hakuna kamati ya rufaa ya matokeo. Na mantiki yake ipo: ukiruhusu rufaa kwa kosa la sekunde ya mwisho, kesho nitakuletea kosa la robo ya kwanza lililonipotezea pointi saba. Kila Jumatatu vyuo vingekuwa na mawakili mezani badala ya makocha. Mimi ningefurahi, ninyi hapana.

Tena mara moja tu ninayoijua matokeo yaligeuka baada ya mechi, aliyeyageuza ni mshindi mwenyewe. Cornell na Dartmouth, tarehe 16 Novemba 1940. Cornell hawajafungwa kwa muda mrefu, wakafunga mwishoni wakashinda 7 kwa 3. Filamu ikaja kuonyesha walipewa dauni ya tano. Refa akakiri. Cornell wakatuma telegramu Dartmouth kukabidhi ushindi, na Dartmouth wakaupokea. Mpaka leo imeandikwa Dartmouth 3, Cornell 0. Colorado miaka 50 baadaye hawakutuma kitu.

---

Mkwezi wa Pangani:

Wakili kaniwahi. Msimamo wangu: makosa ya jicho yabaki, hayatibiki. Lakini kosa la kusoma sheria wakati saa iko sifuri na hakuna kilichofuata zaidi ya mchezo usiostahili kuwepo, hilo ningeliruhusu lifutwe. Ni mlango mwembamba sana, mawakili wengi hawatapita. Kwa Central Michigan niko na Jogoo. Kwa Colorado pia, ingawa pale ni vigumu kidogo: Colorado wanaweza kusema kwotabeki aliupiga mpira chini kwa kuamini kibao kilichosema dauni ya tatu. Wangejua ni ya nne wasingefanya hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi sana: makocha nao wanakichimba kitabu kutafuta matundu. Tarehe 12 Oktoba 2024, Oregon wanaongoza Ohio State 32 kwa 31, zimebaki sekunde 10, Ohio State wako yadi ya 43 ya Oregon, wanahitaji kusogea kidogo tu wapige teke la ushindi. Oregon wakaingiza wachezaji 12. Pasi ikarushwa, kwa watu 12 hakuna pa kupenya. Kitambaa, yadi 5. Lakini sekunde 4 zimeshakwenda na hakuna sheria ya kuzirudisha. Kwa kifupi wameuziwa yadi 5 kwa bei ya sekunde 4. Zimebaki 6, kwotabeki wa Ohio State akakimbia, akachelewa kujilaza, mechi kwisha. Kocha wa Oregon baadaye akadokeza kwamba ni kitu walichokifanyia mazoezi.

Refa hapo alipaswa afanye nini? Alipiga sheria ilivyoandikwa. Siku chache tu baadaye NCAA ikatoa mwongozo: ndani ya dakika mbili za mwisho za kipindi, timu iliyokosewa hivyo inaweza kuomba saa irudishwe.

Na ile ya Pitt, Desemba 2021, fainali ya ACC dhidi ya Wake Forest. Kwotabeki akajifanya anajilaza chini, mabeki wakapunguza mwendo kwa kuogopa kumgonga aliyejilaza, jamaa akanyanyuka, tachidauni ya yadi 58. Halali siku ile. Wiki ileile ikapigwa marufuku: ukianza tu dalili ya kujilaza, mchezo umekufa.

---

Binti Mtambani:

Samahani mimi mgeni jamani. Muda wa nyongeza unachezwaje? Niliona mechi moja wanapokezana mchezo mmoja mmoja kama penalti nikachanganyikiwa.

---

Mkwezi wa Pangani:

Karibu mdogo wangu. Hakuna saa. Kila timu inapewa mpira yadi ya 25 ya mwenzake, inajaribu kufunga, kisha zamu ya pili. Wakilingana, mzunguko wa pili unafanana, ila ukifunga tachidauni ni lazima ujaribu zile pointi 2, hakuna teke. Kuanzia wa tatu ndiyo hiyo uliyoiona: kila timu mchezo mmoja kutoka yadi ya 3 mpaka mmoja ashindwe.

Chanzo ni 2018, LSU na Texas A&M, mizunguko saba, 74 kwa 72, vijana wamechoka hoi. Sheria ya sasa ikaja 2021, na mwaka huohuo Illinois wakawafunga Penn State 20 kwa 18 baada ya mizunguko tisa, huku pande zote zikishindwa na kushindwa kutoka yadi tatu. Ilikuwa mbaya kuitazama, siwezi kudanganya.

---

Mama Wawili Dallas:

Na zile chupa za Austin je? Mbona hamjazitaja? Mimi nilikuwa natazama na wanangu siku hiyo, Texas na Georgia, Oktoba 2024. Texas wamenasa pasi, kitambaa, wakasema beki wa Texas kamzuia mpokeaji. Mashabiki wakamwaga chupa uwanjani, mechi ikasimama. Wakati zinaokotwa, marefa wakakaa kikao, wakafuta kosa. Mtoto ananiuliza, "Mama, kumbe ukirusha chupa wanabadilisha?" Nikakosa jibu.

---

Wakili wa Kitaa:

Dada, hilo ni gumu kuliko la Oregon. Kosa lenyewe halikuwepo, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi. Marefa wanaruhusiwa kukaa kikao na kuokota kitambaa. Lakini kwa kawaida wanafanya hivyo palepale, kabla ya kutangaza. Pale walishatangaza, na muda wa kufikiri walipewa na chupa. SEC yenyewe ikasema utaratibu haukuwa sawa, na Texas wakapigwa faini ya dola 250,000. Georgia wakashinda 30 kwa 15 hata hivyo, la sivyo tungekuwa bado tunabishana.

Mwambie mtoto kwamba chupa ziligharimu robo milioni.

---

Nyundo ya Ngarenaro:

Swali la mwisho kutoka kwangu, Mkwezi. Mtu amewaacha mabeki wote, anaingia kufunga, kwa mbwembwe anauachia mpira mkononi kabla ya kuvuka mstari. Inahesabiwa?

---

Mkwezi wa Pangani:

Haihesabiwi, na ilishatokea. Tarehe 8 Novemba 2014, Utah wanaongoza Oregon 7 kwa 0. Mpokeaji wa Utah akadaka, akakimbia peke yake, akauachia mpira kwenye yadi ya 1 na kuendelea moja kwa moja kwenda kushangilia. Wenzake wakamkimbilia, uwanja unapiga kelele. Mpira uko chini, na hakuna refa aliyeinua mikono. Hapo ndipo wachezaji wa Oregon walipotambua: mmoja akauokota, ukamponyoka, mwingine akauchukua na kukimbia nao uwanja mzima, tachidauni. Badala ya 14 kwa 0 ikawa 7 kwa 7, na Oregon wakaishia kushinda 51 kwa 27.

Yule kijana alikuwa bado anakumbatiwa upande wa pili wakati Oregon wanavuka mstari.